Shajara ya mradi: macho ya watu mwaloni Kirumba

Wiki ya 1

Nimeamua kuandika kila wiki, hata wiki ambayo halipo la maana, maana mradi uliopita sikuandika kitu na miezi sita baadaye nilikuwa sikumbuki kwa nini nilibadilisha maswali katikati. Huu naupenda sana na sitaki unipotee.

Ninachofuatilia ni hiki: mtu akiwa katikati ya watu, macho yake yanaenda wapi, na hisia za wale watu zinayavutaje. Yaani mwenzako akishtuka na kugeukia dirishani, na we unageuka kabla hujajiuliza kuna nini. Kila mtu anaijua hii. Simama pale Makoroboi, katikati ya mji wetu wa Mwanza, ukodolee macho ghorofa juu, dakika haijaisha una wenzako wawili watatu pembeni, shingo juu. Stanley Milgram na wenzake walilijaribu New York wakalichapisha 1969, mtu mmoja akisimama kuangalia dirisha la ghorofa ya sita, katika kila wapita njia 100 kama 4 hivi walisimama naye, wasimamaji wakiwa 15 wakasimama 40, na waliotupa jicho juu huku wanaendelea na safari zao ni wengi kuliko hao.

Maabara inalipima kwa namna ndogo kabisa. Uso unakaa katikati ya skrini, macho yake yanageuka kushoto au kulia, halafu inatokea alama upande mmojawapo, wewe kazi yako kubonyeza kitufe haraka uwezavyo. Unaambiwa wazi kwamba yale macho hayana msaada, nusu ya mara yanaelekea upande ambao siyo. Na bado alama ikitokea kule macho yalikoelekea unabonyeza haraka zaidi. Friesen na Kingstone walilionyesha 1998, Jon Driver na wenzake 1999, na tangu hapo limerudiwa mara nyingi mno. Tofauti yenyewe ni milisekunde kumi, kumi na tano, ishirini. Ni kidogo, lakini ipo, na mi inanisisimua mpaka leo kwamba macho ya mtu aliye kwenye picha yanakusogeza hata ukiwa umeambiwa usiyafuate.

Mpango wangu ni kulifanya hilohilo hapa Mwanza, nyuso za watu wa hapa, washiriki wa hapa, na wasiwe wanafunzi wa chuo. Joseph Henrich na wenzake walilisema vizuri 2010, kwamba asilimia 96 ya watu waliopimwa kwenye majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo watu wake ni kama asilimia 12 ya dunia. Halafu tunasoma "binadamu hufanya hivi". Inaniuma zaidi nikikumbuka ziwa letu hili lilishawahi kuwa karibu na kazi kubwa kabisa ya fani yetu, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda 1954, akawa anatembelea vijiji vya jirani na Kampala akiwa na mkalimani, akakaa sebuleni kwa akina mama wa Kiganda, familia 26, kuangalia watoto wachanga wanamfuataje mama kwa macho, wanalia akitoka nani, wanatulia wakishikwa na nani. Mengi tunayofundishwa leo kuhusu mtoto na mama yake yalianza kuonekana mle ndani. Kwa hiyo sioni kwa nini mwalo wa Kirumba, soko letu la samaki, usiwe maabara.

Wiki ya 2

Nyuso. Nilidhani hii itakuwa kazi ya siku mbili.

Picha zilizopo tayari ni nyingi. Ile seti ya Paul Ekman na Friesen (Friesen mwingine, sio yule wa 1998) ya 1976 ina picha 110 nyeusi na nyeupe, ile ya Karolinska kule Sweden ya 1998 ina picha 4,900 za watu 70. Ni kazi nzuri na nimezitumia mwenyewe chuoni, ila ukimwekea mama wa mwaloni uso wa kijana wa Stockholm aliyefumbua mdomo, ujue ushamuuliza maswali mawili kwa pamoja, la hisia na la "huyu mzungu ana nini". Basi tukapiga zetu. Shuka jeupe ukutani, dirisha upande mmoja, watu kumi na wawili waliokubali, wazee kwa vijana, kila mmoja kasaini ridhaa, na karibu wote waliuliza swali lilelile, "hamtatuweka mtandaoni?" Hapana, hatutawaweka, na nimeliandika kwenye karatasi ya ridhaa kwa maneno yao wenyewe, sio ile lugha ya kamati.

Tatizo likaja kwenye hofu. Furaha kila mtu anaitoa, hasira nayo wanaitoa mpaka unaogopa kweli, huzuni sawa. Ukisema "onyesha hofu" mtu anakuuliza, hofu ya nini? Ya mgonjwa yuko wodini, au ya nyoka? Na kweli hizo ni sura mbili. Hofu ya mgonjwa ni mtu katulia, midomo imekaza, macho yako mbali. Ile ya macho kutoka na mdomo wazi, ambayo vitabu vinaiita hofu, nilipowaonyesha watu wengine tisa picha zake bila kuwapa majina ya kuchagua, neno lililorudi mara kwa mara ni "ameshtuka". Sasa kushtuka ni nini? Ni hofu au ni mshangao? Kiswahili hakijali, mtu anashtuka kwa jambo baya na anashtuka kwa zawadi.

Nilikaa na hili siku nzima maana linagusa mgogoro mkubwa. Ekman alikwenda kwa Wafore, Papua New Guinea, mwishoni mwa miaka ya 1960 na kurudi na hoja kwamba nyuso hizi zinasomeka dunia nzima. Lakini Rachael Jack na wenzake 2009 wakaonyesha washiriki wa Asia Mashariki wanachanganya sana hofu na mshangao kwa sababu wanang'ang'ania kuangalia macho, ambayo kwenye sura hizo mbili yamefanana, na Carlos Crivelli na wenzake 2016 wakakuta kwenye visiwa vya Trobriand, huko huko Papua New Guinea, sura ile ya macho kutoka na mdomo wazi inasomwa kama ya mtu anayetisha, wala sio anayeogopa. Maria Gendron naye 2014 alifanya na Wahimba wa Namibia, aliwapa picha wazipange mafungu wenyewe bila majina, na mafungu yao hayakufuata yale sita ya vitabuni, furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao na kinyaa. Mi sidai kwamba watu wa Mwanza wana hisia za peke yao. Ninachosema ni kwamba ukimpa mtu orodha ya maneno sita achague, umeshamjibia nusu. Kwa hiyo kwenye mradi huu sura ile inaitwa "kushtuka", basi.

Neno jingine lililonitesa ni lenyewe la mradi. Umakini? Umakini ni wa mwalimu na fimbo mkononi. Usikivu uko masikioni. Nikamuuliza bibi mmoja jirani, mtu akiwa anafuatilia wenzake wanafanya nini lakini hasemi, mnaitaje? Akasema, "ana jicho." Sijapata bora kuliko hilo.

Wiki ya 3

Wiki ya mitambo. Skrini ya laptopu yangu inajichora upya mara 60 kwa sekunde, maana yake kila fremu ni kama milisekunde 17, na mi natafuta tofauti ya milisekunde kumi na tano. Inawezekana, kwa sababu unarudia majaribio mengi na kuchukua wastani, ila lazima kila kitu kifungwe kwenye mchoro wa skrini, alama isitokee katikati, na kibodi iwe moja kwa washiriki wote maana kila kibodi inachelewa kwa namna yake. Natumia PsychoPy, programu ya kuendeshea majaribio kama haya, ni ya bure na inafanya hayo vizuri.

Halafu Alhamisi umeme ukakatika katikati ya mshiriki wa tatu. Betri ya laptopu ilishakufa siku nyingi, na programu nilikuwa nimeiandika ihifadhi data mwishoni mwa siku. Watu watatu wamekwenda. Walikuwa wamepanda daladala kutoka Igoma kuja kunisaidia, mmoja alikuja na mtoto mgongoni, na siwezi kuwaambia warudie maana wakirudia watakuwa wameshazoea zoezi. Nimewapigia simu mmoja mmoja kuwaeleza na kuwaomba radhi. Sasa kila jibu linaandikwa kwenye faili palepale linapotolewa, na nimenunua betri.

Wiki ya 4

Hii ndo wiki niliyoisubiri, tumeshuka mwaloni.

Kirumba kwa ambaye hajafika, ni soko la samaki lililo ukingoni kabisa mwa ziwa, dagaa wakavu kwa magunia, sangara wa kubanika, wanunuzi mpaka wa Kongo na Burundi, wapagazi wanapita na mzigo kichwani wanapiga mluzi ukae pembeni, na wale korongo wakubwa wenye mfuko shingoni wamesimama kama wazee wa baraza wanasubiri utumbo. Kelele zake zina mpangilio ukikaa ukazisikiliza. Nilikwenda na wasaidizi wawili, binti wa mwaka wa tatu aliyekulia Ukerewe na kijana wa hapa Nyegezi, pamoja na mzee mmoja, mvuvi mstaafu, ambaye tulimwomba atutambulishe maana anaheshimika pale, na ambaye pia ni mmoja wa wale kumi na wawili waliopigwa picha.

Jua lilitushinda kwanza. Chuo kilituazima kifaa cha kufuatilia macho, kinamulika jicho kwa mwanga usioonekana wa infraredi na kusoma unavyorudi kutoka kwenye jicho, na jua limejaa mwanga huohuo, kwa hiyo saa tatu asubuhi tu kilikuwa hakioni kitu. Ukubwa wa mboni nao nilitaka kuupima, maana mboni inatanuka mtu akiguswa na jambo, ila mboni inabanwa na mwanga kwa nguvu kubwa kuliko inavyotanuliwa na moyo, na pale ziwa linarudisha jua kama kioo. Nikakifunga kwenye begi. Tukabaki na laptopu ndani ya boksi la katoni lililokatwa upande mmoja, na vitufe viwili nimevibandika utepe, mwekundu kushoto, njano kulia.

Mshiriki wa kwanza alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, anachambua dagaa. Kakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, ungo mapajani, vidole vinapita kwenye dagaa vinatoa mawe, makombe, vifuru vidogo, na kasi ile mi siwezi kuielezea, mkono wa kulia unachagua na wa kushoto unatandaza na hakuna unaomsubiri mwenzake. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu, vuta ndoo hiyo." Hakuinua kichwa. Nikiwa bado naeleza mambo ya ridhaa akaja mteja kwa nyuma upande wa kushoto, hajafungua mdomo, mama akasema, "Sado imepanda leo, usinitajie bei ya juzi." Macho yako kwenye ungo! Nikamuuliza umemjuaje, akasema, "Ndala zake si zinaburuta."

Michael Posner 1980 aliandika kwamba jicho na uangalizi ni vitu viwili, unaweza kukodolea hapa na akili ukaielekeza pale, akaufananisha uangalizi na mwanga wa tochi unaosogezwa. Nimeufundisha mfano huo madarasani kwa michoro ya mishale. Kumbe ulikuwa umekaa juu ya ndoo Kirumba, na tochi yake inamulika mpaka nyuma ya mgongo.

Tukaingia kwenye zoezi. Alifanya vizuri, tena haraka kuliko vijana, vidole vile vinajua kazi. Lakini kwenye picha ya yule mzee alisimama. Akasogeza uso karibu na skrini, akaiangalia moja kwa moja machoni, muda mrefu, akaniuliza, "Huyu mzee anaumwa? Mbona macho yake yamechoka hivi?" Mi nikamwambia hapana mama, haumwi, tuendelee. Dakika kama ishirini baadaye mzee mwenyewe akatokea kutoka kwenye mitumbwi. Mama akaweka ungo chini, akashuka kutoka kwenye ndoo, akapiga goti nusu, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila baba", na muda wote wa salamu macho yake yalikuwa chini, kwenye miguu ya mzee na ule mchanga. Mzee alipoondoka akarudi kwenye ungo, akaniambia polepole, "Si ndo yule wa kwenye mashine?"

Nikaandika tukio hilo kwenye daftari kwa kirefu, bila kujua naliweka wapi.

Wiki ya 5

Hatukupata mtu. Watu wote wana kazi. Kosa langu, nilipanga ratiba kwa kalenda ya ukutani wakati mwalo unakwenda kwa mwezi wa angani: dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, karabai zamani na sasa hizi za sola, ndo wanakusanyika kwenye mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu na wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo giza ni wiki za kazi, mbalamwezi ndo wiki za kupata watu wa kukaa na wewe saa nzima. Kijana wa Nyegezi alilijua hilo tangu mwanzo, hakuulizwa. Nimemwambia siku nyingine aseme bila kuulizwa.

Wiki ya 6

Nadhani sasa najua lile tukio la mama na mzee linakaa wapi, na limenibadilishia mradi.

Kuna kazi ya Laidlaw, Foulsham, Kuhn na Kingstone, 2011, kule Vancouver. Walimkalisha mtu kwenye chumba cha kusubiria, amevaa kifaa cha kufuatilia macho, na ndani ya chumba kuna mgeni. Mara nyingine mgeni yupo kweli amekaa kwenye kiti, mara nyingine yupo kwenye video tu. Walipokuwa na video watu walimwangalia sana. Alipokuwa pale kwa mwili wake wakamwangalia kidogo mno. Angalia kwamba Kingstone huyu ni yuleyule wa 1998 aliyeanzisha mambo ya uso kwenye skrini, na kwa miaka mingi amekuwa akisema na wenzake kwamba uso wa skrini haukurudishii macho na hilo sio jambo dogo. Kobayashi na Kohshima 1997 walishaonyesha kwamba sisi binadamu weupe wa jicho letu uko wazi na mkubwa kuliko wa nyani na sokwe, mtu akiwa mbali unajua anaangalia wapi. Maana yake jicho letu lina kazi mbili kwa mpigo, linachukua habari na linatoa habari. Kwenye picha linachukua tu.

Waswahili tunasema macho hayana pazia. Kwenye picha ni kweli kabisa, mama alimwangalia mzee mpaka akamwona amechoka. Mzee alipofika mwenyewe pazia likashuka, na lenyewe ni ujumbe, linasema nakuheshimu, na mzee analipokea kama unavyopokea salamu. Sasa mi nikichukua zoezi langu la laptopu nikaandika kwamba nimepima uangalizi wa watu wa Mwanza kwa wazee wao, nitakuwa nimepima kitu ambacho mwaloni hakitokei, mtu kumkodolea mzee ambaye hamwoni.

Na hapa naomba nisieleweke vibaya, maana najua jinsi jambo hili linavyoweza kugeuzwa kuwa "Waafrika hawaangaliani machoni". Sio kweli hata kidogo. Mama huyohuyo nilimwona Jumamosi anamkazia macho mchuuzi aliyetaka kumpunja kwenye vipimo, bila kupepesa, mpaka yule jamaa akaongeza. Konda wa daladala ya Buhongwa anakunasa ukiwa ng'ambo ya barabara kwa jicho moja na nyusi, ushapanda. Watu wanaangaliana sana. Swali ni nani, mbele ya nani, na anataka kumwambia nini, na hisia zinapita humohumo, haya, heshima, dharau, hasira ya kudhulumiwa. Kumwangalia mtu mzima moja kwa moja wakati anakukanya unaitwa mkavu wa macho, na kuangalia chini wakati unadai haki yako unaonekana mwongo. Na haya yote yapo kwenye misemo yetu ya kila siku ila hayapo kwenye zoezi langu.

Nimemwandikia msimamizi wangu barua ndefu. Laptopu inabaki kama sehemu ya kwanza, nusu ya muda. Nusu nyingine ni watu kwa watu.

Wiki ya 7

Kamati ya maadili wametaka mabadiliko yaandikwe upya maana sasa kuna video. Haki yao. Tumekubaliana hivi: kona moja ya mwalo tumeizungushia kamba na bango, anayepita ndani anajua anapigwa video, nyuso za wasioridhia zinafutwa siku hiyohiyo, na mshiriki akitaka kuiona video yake na kuikataa anaweza.

Mpangilio wenyewe: ndoo mbili zinaelekeana. Mshiriki anachambua dagaa wake mwenyewe, hatumwachishi kazi. Mbele yake anakaa mmoja kati ya watatu, mzee, au mtu wa rika lake, au kijana, na siku nyingine watu haohao kwenye video ya tableti iliyosimamishwa palepale juu ya ndoo. Aliyekaa ana simu mfukoni, ikitetemeka anageuza macho kushoto au kulia, mara kwa utulivu, mara kama ameshtuka. Simu mbili kwenye vishikio zinarekodi, moja kwa kila uso. Tunataka kujua mshiriki anamwangalia usoni kwa muda gani, na akigeuka yule, huyu anafuata au hafuati.

Wiki ya 8

Mbalamwezi. Vikao vimekwenda vizuri siku nne mfululizo, sitaji matokeo maana bado ni machache na nikianza kuyatazama sasa nitaanza kuyapenda.

Ila lazima niandike tukio la Jumatano. Tukiwa katikati ya kikao, korongo mmoja akashuka akakwapua samaki kwenye beseni la mtu, kishindo, beseni likapinduka. Kamera zilikuwa zinarekodi. Usiku nikaipitisha ile sehemu fremu kwa fremu, simu zetu zinachukua fremu 30 kwa sekunde, kila moja ni kama milisekunde 33. Kuna akina mama watano kwenye mstari nyuma ya mshiriki. Wa kwanza, aliye karibu na beseni, anageuka na bega zima. Wa pili na wa tatu wanafuata kwa vichwa, karibu pamoja. Wa nne anainua macho tu, vidole haviachi dagaa. Wa tano, yuko mbali na hapo alipo amekingwa na gunia, haelekei kwenye beseni kabisa. Anamwangalia usoni jirani yake, yule wa nne. Fremu sita hivi macho yake yako pale, kwenye uso wa mwenzake, na uso wake mwenyewe unaanza kubadilika, nyusi zinapanda, kabla hajaona korongo wala beseni. Halafu ndo anageuka kufuata jicho la mwenzake.

Niliirudia sijui mara ngapi. Ameshtuka kwa uso wa mtu. Nimefundishwa jambo hili kwa grafu miaka yote, na sasa nimelikuta likiwa na kitenge cha kijani na kidole kwenye ungo.

Wiki ya 9

Kuweka alama kwenye video. Ni kazi ya taratibu, binti na kijana kila mmoja anakaa peke yake, anapitia fremu na kuandika macho yako wapi: usoni, mwilini, kwenye dagaa, kulikoelekezwa, kwingine. Baadaye tunalinganisha kwa kipimo cha Cohen cha 1960, kinachopunguza kukubaliana kwa bahati. Raundi ya kwanza hawakukubaliana vya kutosha na nilipowakalisha tukaona sababu. Mshiriki anapoinamisha macho mbele ya mzee binti alikuwa anaandika "usoni", kijana anaandika "kwingine". Nikamuuliza binti, macho yake yako mchangani, usoni umeyaona wapi? Akanijibu, "Dada, huyu yuko na mzee muda wote. Kwetu ukimwamkia mzee hivyo huwezi kusema hayupo naye."

Kijana akasema sheria ni kuandika jicho liliko, basi. Wote wawili wana haki, na nusu saa nzima tulibishana kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Tulichoamua ni safu mbili. Safu ya kwanza ni jicho liliko, bila huruma, fremu kwa fremu. Safu ya pili ni mwili: kichwa kimeinama kuelekea wapi, mikono imesimama au inaendelea, anaitikia au kimya. Hakuna kuandika neno heshima wala haya kwenye safu yoyote, hayo tutawauliza washiriki wenyewe wakikaa kuangalia video zao. Raundi ya pili wamekaribiana sana kwenye safu ya kwanza. Ya pili bado.

Mzee naye alitaka aone video yake. Akakaa kwa binti, akaangalia vipande vitatu akiwa kimya, kisha akaonyesha kwa kidole kijana mmoja ambaye sote watatu tulikuwa tumemwandika kwamba hakufuata macho ya mzee yalipogeuka kulia. "Huyu alifuata," akasema, "angalia mkono." Tukarudisha. Kweli, mkono wa kulia wa kijana umevuta beseni la upande ule sentimita chache na kulisogeza karibu na mguu, macho hayajatoka kwenye ungo. Sisi tulikuwa hatuangalii mikono kwa namna hiyo. Sasa mikono imeongezewa mstari wake, na vipande vyote vya siku nne vinarudiwa tangu mwanzo.

Giza linaanza Jumapili, dagaa wanarudi, vikao vinasimama mpaka mwezi ujae tena. Siku hizo ni za kumaliza video za rika na kushusha vishikio vya simu chini kidogo, vinakata vidole kwenye fremu.